Sifuri Zilizoliwa na Excel

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mwanangu. Umepewa kusimamia mfumo wa wateja, yaani Salesforce, na ofisini wamegawanyika: wengine wanasema kazi zote zifanyike kwenye kivinjari, wengine wanasema msimamizi wa kweli ni yule mwenye programu ya Data Loader kwenye kompyuta yake. Unaniuliza, "Mjomba, nishike lipi?"

Zamani sisi hatukuulizana. Kabla waya wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, intaneti yetu ilikwenda angani na kurudi. Unabonyeza kitufe, unashuka kununua chai, unarudi na kikombe, ukurasa bado mweupe. Tulisakinisha kila kitu kwenye kompyuta kwa sababu ya shida, na wengine baadaye wakaigeuza shida ile kuwa ufundi wa kujivunia.

Mimi nililelewa na Siebel, nao mfumo wa wateja. Kuubadilisha mfumo ule kulihitaji Siebel Tools, programu ya Windows. Ukitaka kugusa skrini moja, unachukua mradi wake kutoka kwenye seva, na ukishauchukua, wenzako wamefungiwa mpaka uurudishe. Basi mwenzetu mmoja alichukua mradi Ijumaa, Jumatatu yuko Moshi msibani, kompyuta yake imo kabatini na ufunguo wa kabati anao. Msimamizi angeweza kuufungua kwa nguvu, lakini kazi ya wiki nzima ya yule bwana ingebaki inaning'inia. Tukakaa tukisubiri arobaini ya watu.

Zana ya kusakinisha ina mwenyewe. Kumbuka hilo kila unapotaka kuiwekea kazi ya ofisi nzima.

Kwa mipangilio ya mfumo, kama vile kuongeza watumiaji, ruhusa na sehemu mpya za kujaza, usisumbuke: fanya kwenye kivinjari. Mfumo wenyewe unaandika nani kabadilisha nini na lini, na orodha ya miezi sita unaweza kuipakua. Siku bosi atakapouliza nani kamwondolea ruhusa, hutajitetea kwa maneno.

Patamu ni kwenye data. Data Import Wizard, ile ya kivinjari, inapokea rekodi zisizozidi 50,000 kwa mara moja, inakushika mkono hatua kwa hatua, na haina uwezo wa kufuta. Vitu vingine, kama fursa za mauzo, haivigusi kabisa. Data Loader inabeba mamilioni, inagusa karibu kila kitu, na inafuta. Ukiipa ruhusa inafuta moja kwa moja, bila kupitia lile pipa ambamo vilivyofutwa hukaa siku 15 vikisubiri ujute.

Sasa nikupe kisa changu, maana mama yako hakijui. Nilikuwa na faili la CSV la wateja zaidi ya elfu arobaini, nisasishe namba zao za simu. Nikalifungua kwa Excel ili nilitazame tu. Namba zilizoanza na 0754 zikabaki 754, sifuri imeliwa. Zilizoanza na 255754 zikageuka 2.55754E+11. Nami nikabonyeza kuhifadhi! Faili la CSV huhifadhi kile kinachoonekana, kwa hiyo tarakimu za mwisho zilipotea palepale, na mamia ya watu wasiojuana wakawa na namba moja. Nilipolipakia, Data Loader haikunung'unika. Sehemu ya simu ilipokea maandishi yoyote, na yale nayo ni maandishi. Ikaniandikia faili la majibu: zote zimefaulu. Nikaenda kula.

Aliyeniokoa ni dada wa idara ya masoko aliyekuwa amepakua orodha ileile asubuhi kwa shughuli zake. Nilimnunulia soda kwa mwezi mzima.

Tangu hapo sichagui zana kwa wepesi wake. Najiuliza: nikikosea, nitarudisha vipi? Jibu likiwa "sijui", hata kivinjari sikigusi.

Na kuna jingine ambalo wale mafundi wa Data Loader hawatakwambia. Kila ikimaliza kazi, inaacha kwenye kompyuta mafaili mawili, la zilizofaulu na la zilizokataliwa, yakiwa na majina na namba za watu. Ukirudia mara ishirini, una mafaili arobaini. Kompyuta ikiibwa kwenye daladala, umepoteza wateja wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na haitakuuliza ulitumia zana gani. Yafute, au yapeleke mahali penye ulinzi.

Na usidanganywe kwamba programu ya kusakinisha inafanya kazi bila mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, niliona kijana anafungua Data Loader kwa kujiamini, eti kivinjari kimegoma. Programu iko mezani, data iko ng'ambo! Siku ile waliofanya kazi ni wale waliokuwa na nakala ya orodha ya wateja, iliyopakuliwa wiki hiyo na kufungiwa vizuri.

Haya, tuje kwenye kazi yako ya Jumamosi: wateja wapya 63,000 wa matawi manne. Najua umeshaambiwa kwamba kikomo cha kivinjari ni 50,000, kwa hiyo lazima Data Loader. Si lazima. Gawa faili tawi kwa tawi, uingize kwa kivinjari. Utachelewa saa moja au mbili, lakini tawi la tatu likiharibika, mawili ya kwanza yako salama na unajua pa kutazama. Data Loader jifunze pole pole kwenye uwanja wa majaribio. Utaihitaji, nami sitaki uiogope.

Ukifungua faili kwa Excel, usilibofye mara mbili. Liingize kupitia menyu ya data, uiambie safu ya simu ni maandishi. Kisha pakua nakala ya wateja waliomo sasa, kabla ya kuingiza hata mmoja.

Anza na wateja kumi wa tawi la kwanza. Watazame kwa macho, mmoja mmoja, sifuri zao zote. Halafu nipigie kabla hujaendelea. Jumamosi sina safari.