Uso Umefichwa, Mtoto Amejulikana

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini sheria zinazotajwa ndani yake ni za kweli, na ni za Kenya.

Katika shule moja ya msingi ya kijijini, mahindi ya chakula cha wanafunzi yalikuwa yakitoweka stoo. Wazazi walinong'onezana, hakuna aliyethubutu kusema hadharani. Ripota mmoja kijana akapata fununu, akafunga safari na mpigapicha wake. Nia yake ilikuwa njema. Alichukizwa kwamba watoto wanashinda njaa huku magunia yao yakiuzwa sokoni.

Walipofika, mwalimu mkuu hakuwepo. Naibu wake akaambiwa kwamba wageni wamekuja kupiga picha za maendeleo ya shule, akawakaribisha. Wakati wa mapumziko, ripota akamwita msichana wa Gredi ya Tano aliyekuwa amekaa karibu na jikoni. Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, kama asimamavyo akiulizwa swali darasani.

"Usiogope. Hebu tuambie uliona nini."

"Niliona magunia yakipakiwa kwenye pikapu usiku, mwalimu. Nilikuwa namngoja mama."

Taarifa ya saa moja jioni ikatoka. Uso wa mtoto ulikuwa umefichwa na jina halikutajwa, kwa hiyo ripota na mhariri wake wakalala wakiamini wametimiza wajibu. Lakini sweta ya shule ilionekana, lango lenye jina la shule likaonekana, sauti ikasikika vilevile ilivyo. Na ni mama gani anayebaki shuleni hadi usiku, kama si mpishi? Kijiji kizima kilimjua mtoto huyo kabla taarifa ya habari haijaisha. Juma lilelile mpishi akaambiwa asirudi kazini. Binti yake akazomewa na wenzake kwa kuwa chakula kilisimamishwa uchunguzi ulipoanza, akaanza kukataa kwenda shule. Mwizi alikamatwa, ndiyo. Habari ilikuwa ya kweli toka mwanzo hadi mwisho, ila gharama yake aliilipa mtoto wa darasa la tano.

Ripota huyu alivunja nini? Kanuni za maadili ya wanahabari zilizokuja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilieleza wazi kwamba mtoto hapaswi kufikiwa wala kupigwa picha akiwa shuleni bila idhini ya uongozi wa shule. Idhini aliyoipata ripota ilitokana na uongo, na idhini ya namna hiyo ni sawa na kutokuwa nayo. Kanuni hizohizo zilisema mwanahabari kwa kawaida hamhoji mtoto kuhusu mambo yanayogusa ustawi wake bila mzazi au mlezi kuwepo au kukubali. Kwa hiyo hata kama mwalimu mkuu angekuwepo na kukubali, bado mama alipaswa kuulizwa. Mwalimu anaweza kukuruhusu uingie shuleni, lakini maisha ya mtoto nyumbani hayamo mikononi mwake.

Juu ya kanuni hizo ipo Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 53 inayaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kutumiwa. Si sheria ya kupamba karatasi: mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wanahabari wamepewa nafuu katika sheria hiyo, lakini nafuu yenyewe imefungamanishwa na maslahi ya umma pamoja na maadili ya kazi yao.

Sababu ya ukali huu ni rahisi kuielewa ukimtazama yule msichana alivyosimama. Alimwita mgeni mwalimu, kwa kuwa kwake yeye mtu mzima anayeuliza maswali ndani ya ua wa shule ni lazima ajibiwe. Hakujua kwamba anaweza kukataa. Hakujua maneno yake yatafika wapi, wala kwamba kumtaja mama ni kumweka hatarini. Mtoto wa umri ule hawezi kupima hayo, ndiyo maana sheria inamtaka mtu mzima anayempenda asimame kati yake na kamera.

Wapo watakaosema kwamba hivi tunawafunga watoto midomo na kuwalinda wezi. Hapana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto haki ya faragha na haki ya kusikilizwa, zote mbili kwa pamoja. Kanuni za wanahabari zenyewe ziliacha nafasi pale penye maslahi makubwa ya umma, mathalani mtoto anapodhulumiwa. Lakini nafasi hiyo haimruhusu mwanahabari kumwacha mtoto mahali pabaya kuliko alipomkuta. Na mtoto mwenye siri nzito anaweza kupiga 116 bila malipo, akasikilizwa na watu waliofunzwa kazi hiyo.

Basi funzo kwa ripota ni hili: mweleze mtoto, mbele ya mzazi wake, habari itatangazwa wapi na akina nani wataiona, kisha akisema hapana, iwe hapana. Ukificha uso, ficha pia sare, lango, sauti na kila neno linaloelekeza nyumbani kwao. Mzazi naye asione haya kuuliza maswali, na akidhulumiwa aifikie Tume ya Malalamiko iliyoundwa kwa sheria hiyohiyo ya 2013.

Na kabla ya yote, jiulize kama unamhitaji mtoto. Wizi ule ulikuwa na daftari la stoo, hati za kupokelea mahindi, dereva wa pikapu, mnunuzi sokoni na wanabodi waliokuwa wakitia saini. Wote ni watu wazima, na kila mmoja angeweza kuulizwa. Habari isiyoweza kusimama ila kwa mgongo wa mtoto bado haijakamilika, rudi ukaitafute.