Vumbi Lililodhaniwa Mawimbi

Kwa muda wa karibu karne nzima wanafizikia wamebeba nadharia mbili zisizopatana: ya kwanta, inayoeleza chembe ndogo kabisa, na ya Einstein, inayoeleza mvutano, wakitamani kuzipatanisha. Anayetamani jambo kwa muda mrefu kiasi hicho huwa mwepesi wa kuamini kwamba amelipata. Sote tuko hivyo.

Tarehe 17 Machi 2014, watafiti wa darubini ya BICEP2, iliyokuwa Ncha ya Kusini, waliwaita waandishi wa habari Harvard. Walisema kwamba katika mwanga mkongwe kuliko wote wameona alama ya mawimbi ya mvutano yaliyozaliwa ulimwengu ulipotanuka ghafla mwanzoni mwake. Mawimbi hayo yangetokana na mtikisiko wa kikwanta wa mvutano wenyewe, kwa hiyo hatimaye pangekuwa na ushahidi kwamba mvutano nao unatii kanuni za kwanta. Nobel ikaanza kutajwa.

Dalili za hatari zilikuwepo. Mwaka 2013 vipimo vya setilaiti ya Planck ya Ulaya vilionyesha kuwa nguvu ya mawimbi hayo, inayoandikwa r, haizidi 0.11. BICEP2 ikatangaza 0.2, na tofauti hiyo haikuwazuia. Tena vumbi la galaksi yetu, likipangwa na uga wa sumaku wa galaksi, hutoa alama inayofanana na ile iliyotafutwa. Kulitenga kunahitaji kupima kwa masafa kadhaa, ilhali BICEP2 ilipima kwa gigahezi 150 tu. Ukiona moshi uani, utajuaje ni wa jiko lako au wa jirani anayechoma taka? Data za Planck kuhusu vumbi zilikuwa bado hazijatolewa, kwa hiyo moja ya makadirio ya BICEP2 lilitegemea picha ya Planck iliyoonyeshwa mkutanoni. Na tangazo lilitoka kabla wahakiki wa nje hawajaipitia makala.

Kinachonigusa zaidi ni video ya siku zile. Mtafiti anabisha mlangoni kwa Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mtanuko, kumpa habari, shampeni inafunguliwa. Katikati ya furaha, mzee huyo anajiuliza kama pengine anaiamini nadharia hiyo kwa sababu tu ni nzuri. Laiti swali hilo lingeulizwa kwanza, na kwa sauti kubwa zaidi!

Tuwatendee haki watafiti wa BICEP2: walichopima kilikuwepo kweli. Walikosea kukipa jina. Septemba 2014 Planck ilionyesha vumbi tele katika sehemu ileile ya anga, na Januari 2015 makundi yote mawili yalikiri kwa pamoja kwamba ushahidi wa mawimbi haukutosha.

Ndugu zangu, tusiwacheke. Walirudi kwenye barafu ileile na vifaa vya masafa kadhaa. Mwaka 2021 wakatangaza, safari hii bila shampeni, kwamba r haizidi 0.036.