Mzigo na Furushi

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa mtaa wetu hapa Matema aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Mchungaji, mzazi ana mtoto katika mafunzo ya askari, naye mtoto analia kwa taabu. Je, upendo wamwamuru mzazi afanye nini? Amtoe, au amwache?" Nikamwambia nitafikiri kwanza. Haya ndiyo niliyoyafikiri, nami nayaandika kwa sababu swali hili si la mtu mmoja tu. Kila mwaka vijana wa ufuko huu, wa Ikombe na Matema, wa Ipinda na Kyela, huenda katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka wa 1963. Baadhi yao huandikishwa baadaye katika Jeshi la Wananchi, na wachache hufika hata Kigamboni, makao ya wanamaji. Nyuma ya kila mmoja pana nyumba isiyolala vizuri.

Sitakaa sana juu ya swali jingine, kwamba Mkristo aweza kuwa askari au hawezi. Martin Luther alilijibu mwaka wa 1526 katika kitabu alichomwandikia askari mmoja, Assa von Kram, aliyesumbuliwa na dhamiri. Alisema kazi hiyo yaweza kuwa utumishi kama kazi nyingine, ikiwa hufanywa kwa haki. Lakini mtu akijua hakika kwamba bwana wake ameingia vita visivyo vya haki, asimfuate. Mimi nataka kusema juu ya wale wanaobaki nyumbani.

Kwanza sina budi kuungama. Zamani kidogo, nilipokuwa katika usharika mwingine, mama mjane alinijia usiku. Mwanawe alikuwa kuruta katika mwezi wake wa kwanza, akaazima simu ya mtu, akamwambia mama yake, "Njoo unitoe, nitakufa huku." Yule mama akaniambia, "Mchungaji, andika barua kwamba mimi ni mgonjwa mahututi, upige muhuri wa usharika, wampe ruhusa." Nilijua ya kuwa si kweli. Lakini machozi ya mjane ni mazito. Nikaandika, nikapiga muhuri. Kijana akapewa ruhusa. Akasafiri mchana na usiku katika basi akilia, maana alidhani anakwenda kumzika mama yake. Alipofika alimkuta uani akianika mpunga. Akaketi chini ya mwembe asiseme neno hata jioni. Siku za ruhusa zikaisha, naye hakurudi tena kambini.

Baada ya miaka miwili nilikutana naye sokoni. Hakunikasirikia. Aliniambia hivi: "Mama alinipenda, nawe ulituhurumia. Lakini hapana mmoja wenu aliyedhani kwamba naweza." Maneno hayo sijayasahau. Nilikuwa nimedhani ya kuwa kosa langu lilikuwa uongo tu. Naam, uongo ulikuwa dhambi, tena muhuri uliosema uongo mara moja, nani atauamini siku ya msiba wa kweli? Lakini palikuwa na kosa la pili chini ya lile la kwanza. Nilimnyang'anya kijana kitu kilichokuwa chake.

Katika barua yake kwa Wagalatia, sura ya 6, Mtume Paulo asema katika mstari wa 2 kwamba yatupasa kubebeana mizigo. Kisha katika mstari wa 5 asema kila mtu atabeba wake mwenyewe. Wengi wamedhani anajipinga. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba katika Kiyunani maneno ni mawili. La kwanza ni baros, uzito umwelemeao mtu hata aanguke. La pili ni phortion, mzigo upasao mtu mwenyewe, kama furushi la msafiri au la askari njiani; na Biblia yetu ya Kiswahili imelitia vema neno furushi. Luka alilitumia neno hilo la pili juu ya shehena ya ile meli iliyomchukua Paulo, katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Tena Bwana wetu, alipowaita waliochoka, hakuwaahidi mabega matupu. Aliwaambia kwamba mzigo wake ni mwepesi, na neno lake ni lile lile, phortion.

Basi, jibu langu la kwanza ni hili: uzito uangushao, tuubebe pamoja naye; furushi, tumwachie. Kuamka kabla ya alfajiri, kukemewa, kukimbia na miguu yenye malengelenge, kula upesi, kuikumbuka nyumba usiku: haya ni furushi la kuruta. Akiondolewa furushi hilo, ameondolewa na safari yenyewe. Lakini ugonjwa usiotibiwa, kuumizwa kwa ukatili, kuamriwa jambo la aibu, au huzuni inayomfanya mtu atake kujiua: haya si furushi. Hapo mzazi asikae kimya, wala asiseme, "Ndivyo jeshi lilivyo." Aende kwa wakubwa wa kambi waziwazi, kwa jina lake mwenyewe na kwa neno la kweli, na mchungaji wake afuatane naye.

Mtu atasema, "Mchungaji, katika Kiyunani ni maneno mawili, lakini katika simu kilio ni kimoja." Ni kweli. Kwa hiyo nawapa walimu maswali matatu ya kumwuliza mzazi kabla ya kufanya lolote. Je, ni kitu gani hasa kilichompata mtoto, nacho kinamdhuru au kinamchosha? Je, baada ya siku kadhaa kupita, yeye mwenyewe angali anataka kuondoka, au alilia usiku mmoja tu, akaamka? Na la tatu, lililo gumu kuliko yote: je, wataka kuyakomesha maumivu yake, au yako? Mimi nilipopiga ule muhuri, nilitaka yule mama aache kulia mbele yangu. Kijana sikumfikiri.

Wako wanaodhani kwamba kumwacha mtoto na furushi lake ni desturi ya wageni, isiyo na huruma. Sivyo. Wazee wetu Wanyakyusa walijua jambo hili. Zamani, mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi, alitoka katika nyumba ya wazazi wake, akaenda na wenzake wa rika kujenga vibanda kando ya kijiji, wakalala huko. Walijifunza ukwangala, yaani kuishi, kula na kuzungumza vema na wenzao. Lakini mama hakuzima moto wake. Wavulana walikuja kula katika nyumba za mama zao, nao walikuja pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Desturi hiyo imekwisha, wala sisemi ya kuwa yote yake yalikuwa mema. Lakini itazameni hekima yake. Mama hakwenda kulala katika kibanda cha mwanawe, wala hakumwita arudi kwa sababu paa linavuja. Alipika, tena alipika chakula cha kuwatosha na wenzake.

Nimeliona jambo hili katika ukoo wangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikulia ndani ya mtumbwi chini ya milima ya Livingstone. Alipochukuliwa kufundishwa kazi ya wanamaji alijisifu mbele ya wenzake kwamba yeye ni mwana wa ziwa, maji hayamtishi. Lakini bahari siyo Nyasa. Ziwa letu lina mawimbi makali upepo wa kusini uvumapo, ila halipwi wala halijai kama bahari. Alipotolewa baharini mara ya kwanza alitapika mpaka akaishiwa nguvu, na wenzake wakamcheka kwa majivuno yake. Akanipigia simu akasema, "Mjomba, nimeaibika, sifai." Dada yangu aliposikia alitaka kuuza ng'ombe. Palikuwa na mtu aliyejidai anawajua wakubwa, akasema kwa fedha kidogo atamhamishia kijana kazi ya nchi kavu.

Nikamwambia, "Dada, ukitoa fedha hiyo, kwanza utaibiwa; na usipoibiwa, mwanao atakuwa amekaa mahali pa mtoto wa mwanamke mwingine asiye na ng'ombe." Akanikasirikia juma zima. Shangazi mmoja naye alileta hirizi ishonwe ndani ya nguo za kijana. Tukaikataa kwa upole, maana hatuwezi kumkabidhi kwa Bwana siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu tukamkabidhi kwa kamba na unga.

Basi tukafanya jambo dogo. Kila Jumapili baada ya ibada dada yangu aliketi nami tukaandika barua. Hatukumwandikia, "Pole, mwanangu, unateseka." Tulimwandikia habari za nyumbani: mvua imeanza, nyavu zimetengenezwa, ndama amezaliwa, mzee fulani amesinzia tena kanisani. Madeni na magomvi ya ukoo hatukumtupia, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyashika kutoka huko. Fedha hatukumwomba. Tukamwuliza majina ya wenzake watatu, tukawaombea kwa majina yao, na mwalimu wao wa gwaride pamoja nao. Kisha tukawaandikia wale wenzake salamu. Hicho kilikuwa chakula cha kibanda kizima. Baada ya miezi alinitumia neno fupi: "Mjomba, bado natapika, lakini sasa natapika nikiwa kazini." Dada yangu alicheka hata akalia.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo huisha vizuri kila mara. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ilizamishwa na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ni nani atakayesema kwamba mama zao hawakuomba? Kwa hiyo maombi si hirizi ya Kikristo. Hatuombi ili tumshike Mungu mkono. Twaomba kwa sababu pana mahali ambapo sisi hatuwezi kufika, naye yuko huko. Na huo ndio mzigo wa mzazi mwenyewe, furushi lake lisilobebwa na mtu mwingine: kumpenda mtoto aliye nje ya mkono wake. Mwana analo la kwake kambini, na mama analo la kwake nyumbani. Asipokubali kulibeba lake, atajaribu kulipunguza kwa kumnyang'anya mwanawe la kwake.

Neno la mwisho. Yuko kijana ambaye, akiisha kufikiri kwa utulivu, ataona kwamba kazi hiyo si yake. Huyo naye asilazimishwe na fahari ya baba yake. Ikiwa sheria yamruhusu, aseme mwenyewe mbele ya wakubwa wake, kwa kweli, pasipo barua ya uongo. Akirudi, apokewe kwa furaha, wala watu wa usharika wasimcheke. Maana aliyeondoka kwa mlango hakutoroka.

Ninyi walimu, mama akija usiku kuomba barua, msimfukuze, wala msifanye kama nilivyofanya mimi. Mkaribisheni, mpeni maji, ulizeni yale maswali matatu. Kisha twaeni karatasi mwandike pamoja naye habari za mvua na za ndama, na mwisho wa barua mtie neno ambalo yule kijana wa mjane hakulisikia kwetu: "Tunajua ya kuwa waweza, na ukichoka, nyumba ipo."

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi, na pamoja na watoto wenu walio mbali.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji, Matema.