Uzito wa Mwili na Haki Yake

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa swali ambalo tumeona yafaa lijibiwe katika waraka huu, ili faida yake iwafikie na wasiokuwako. Vijana hawa ni watu wa mazoezi: huyu acheza mpira, yule ainua vyuma, na mwengine hukimbia kila siku baada ya sala ya alfajiri. Wauliza hivi: mtu kama huyo yampasa awe na kilo ngapi, hata ajue kuwa mwili wake u katika siha na kwamba hakuudhulumu?

Twajua wako watakaosema kuwa swali hili ni la kupelekewa tabibu, si la kuletwa msikitini. Jawabu yetu ni kwamba mwili si mali yetu. Ni amana tuliyokabidhiwa, na katika mambo ambayo mja ataulizwa siku ya Kiyama, kama ilivyopokewa na Tirmidhi, ni mwili wake: aliuchakaza katika nini. Na mtu hawezi kuitunza amana asiyoijua. Basi tabibu ana lake la kusema, na dini ina lake, na yote mawili tutayaleta.

Kwanza twataka kuiondoa fikira moja iliyozoeleka katika miji yetu. Kwetu sisi watu wa Mwambao, mtu akinenepa husifiwa kuwa amependeza na maisha yamemkubali. Akipungua, kila aliyeketi barazani humwuliza, je, waumwa? Bibi arusi akimaliza miezi mitatu bila ya kunenepa, jamaa zake hunong'onezana kuwa hatunzwi. Tumbo limefanywa cheti cha neema. Kijana naye aanzapo mazoezi na mashavu yakaingia ndani, mamake huona pamefika msiba, akamwongezea mahamri na wali wa nazi. Mapenzi ya mama hatuyalaumu. Lakini rai hii haina asili katika dini, bali kinyume chake ndicho kilichothibiti. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Imran bin Huswain kwamba Mtume (S.A.W.), alipovitaja vizazi bora na watu watakaokuja baada yao, alitaja katika alama za hao wa baadaye kuwa unene utadhihiri kwao. Na wanavyuoni, Imamu Nawawi akiwa miongoni mwao, wameeleza kuwa kilaumiwacho ni unene ambao mtu huuchuma kwa kula kupita haja, si ule alioumbwa nao. Tofauti hii msomaji aishike, kwani tutaihitaji mbele.

Lakini wako wenzetu walioukimbia utumwa wa tumbo wakaingia katika utumwa wa mizani. Hawa hujipima asubuhi, hujipima jioni, na namba ikipanda kidogo nyuso zao husawijika. Lau wangalijua kwamba mwili wa mtu mzima waweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili katika siku moja kwa maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni tu, wangalijipumzisha. Atakaye kujipima na ajipime mara moja kwa wiki, saa ile ile, asubuhi kabla ya kula na baada ya kwenda haja. Zaidi ya hapo ni wasiwasi.

Hesabu inayotumiwa sana mahospitalini ni ya kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Asili yake ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, mnamo mwaka 1832, na huyo hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa hisabati na elimu ya nyota, naye alitaka kumjua mtu wa wastani katika umma mzima, si kumpimia siha mtu mmoja mmoja. Jina inayojulikana nalo hesabu hii leo ilipewa mwaka 1972 na Ancel Keys wa Marekani. Natija ikiwa baina ya 18.5 na 24.9 mtu huambiwa yu sawa. Ikifika 25 huambiwa amezidi. Na ikifika 30 huhesabiwa kuwa ana unene wa maradhi. Basi mtu mwenye urefu wa mita 1.75 ataambiwa yu sawa tangu kilo 57 hata kilo 76 hivi. Tazameni upana wa mlango huu! Kilo 19 nzima ziko baina ya ubavu na ubavu. Hata hesabu yenyewe, basi, haikudai kuwa kuna namba moja ambayo akiikosa mtu amekosa siha.

Na kwa mtu wa mazoezi hesabu hii hupotoa zaidi. Mchukueni hamali wa urefu huo huo, mwenye kilo 85, kifua kipana na tumbo lililolala. Hesabu itampa 27 na ushei, aambiwe amezidi. Mwekeni ubavuni mwake karani wa urefu ule ule mwenye kilo 72, mikono myembamba, tumbo likitangulia mbele ya kanzu. Hesabu itampa 23 na nusu na kumsifu. Sababu ni kuwa mizani haitambui tofauti ya msuli na shahamu; yote kwake ni kilo. Lita moja ya shahamu ni kama kilo 0.9, na lita moja ya msuli yapita kilo moja kidogo. Kwa hivyo kijana aanzaye kuinua vyuma aweza kupungua kiuno hata suruali zikampwaya, na mizani isishuke hata kidogo, naye akavunjika moyo akaacha jambo lililokuwa likimfaa.

Kwa watu kama hawa, utepe wa fundi wa kushona una ukweli kuliko mizani. Mtu aupitishe kiunoni baina ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila ya kuvuta tumbo ndani (na hapa ndipo wengi wanapojidanganya). Kiuno kisifike nusu ya kimo chake: mwenye sentimita 175 kiuno chake kiwe chini ya 87 na nusu. Matabibu huanza kumwonya mwanamume afikapo sentimita 94 na mwanamke afikapo 80. Shahamu inayokaa tumboni, ikizunguka ini na matumbo, ndiyo ya khatari, kwani ndiyo inayovuta maradhi ya sukari na ya moyo.

Basi jawabu yetu kwa vijana ni hii. Uzito wa siha kwa mwenye kufanya mazoezi ni ule anaoweza kukaa nao mwaka mzima akila chakula cha watu bila ya kujitesa, kiuno chake kikiwa chini ya nusu ya kimo chake, nguvu zake hazirudi nyuma, usingizi wake watulia, na kazi na ibada zake hazimshindi. Twajua jawabu hii haipendezi kama namba. Lakini namba aitakayo kijana hakuna mkweli awezaye kumpa bila ya kumtazama.

Wala uzito huo haukai mahali pamoja umri wote. Abu Daud amepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakashindana mbio kwa miguu, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amepata mwili, walishindana tena, na mara hii Mtume akamshinda, akamwambia kuwa hii ni badala ya ile. Tazameni adabu hii, enyi waume mnaowakejeli wake zenu kwa miili waliyoipata baada ya uzazi. Hakumtia aibu, alikimbia naye.

Ama chakula, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika sura ya Al-A'raf tule na tunywe wala tusifanye israfu. Na hadithi ya Miqdam iliyopokewa na Tirmidhi yajulikana na wengi: matonge machache ya kuusimamisha mgongo yatosha, na kama hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Wako vijana wanaohofu kuwa kwa kula zaidi kwa ajili ya mazoezi wamevunja amri hii. La. Israfu ni kupita haja, na haja ya mpiga makasia si haja ya mwenye kukaa dukani. Mwenye kuinua vyuma hufaidika na kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na hizo hazitaki makopo ya unga ya bei ghali: samaki, mayai, maziwa, mbaazi, pojo na maharagwe yatosha. La kupunguzwa ni sukari ya chai, viazi karai na kaimati, ambavyo sisi huvila pasi na njaa yoyote, kwa kuwa tu wenzetu wanakula.

Atakaye kupungua na apungue polepole, nusu kilo au kilo moja kwa wiki, si zaidi. Wanaojisifu kwa kilo nne za wiki ya kwanza wajue kuwa nyingi katika hizo ni maji. Na hapa twafika kwenye jambo lililotufanya tuirefushe kalamu. Wapiganaji wa ngumi na mieleka, wakitaka kuingia katika uzito fulani, huvaa nailoni wakakimbia juani, huacha maji, humeza vidonge vya kukojoza. Mwaka 1997 huko Marekani vijana watatu wa mieleka, wote wanafunzi wa vyuo, walikufa katika muda wa mwezi mmoja na siku chache kwa kujikausha namna hiyo, wakifanya mazoezi ndani ya nguo za mpira katika vyumba vya joto. Sheria za mchezo zikabadilishwa baada ya wao kuzikwa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika sura ya Al-Baqara tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu, na hatuoni udhuru kwa afanyaye hivi wala kwa mwalimu amwamrishaye.

Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa sala, na Mtume (S.A.W.) akamkataza, akamweleza kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa huyo alikatazwa katika ibada, itakuwaje kwa anayejitesa kwa ajili ya kioo?

Mabinti zetu wanaofanya mazoezi nao wana lao, na haya isituzuie kulisema. Binti akila kidogo kuliko mazoezi yake, hedhi yaweza kukatika kwa miezi. Hiyo si nafuu wala si alama ya ushujaa. Ni mwili unaolia njaa, na mifupa yake hudhoofika, hata ikavunjika kwa jambo dogo. Kamati ya Olimpiki ya dunia iliipa hali hii jina lake mwaka 2014, ikabainisha kuwa na wanaume pia huipata. Binti huyo apelekwe kwa daktari, na aongezewe chakula.

Na sindano za kutunisha misuli ni haramu bila ya shaka kwetu, kwani madhara yake yanajulikana: moyo hupanuka, ini huharibika, korodani hunywea, na mtu aweza kukosa kizazi. Aonaye haya kwa miguu yake myembamba na amkumbuke Ibn Mas'ud. Masahaba waliicheka miundi yake alipopanda mti, na Mtume (S.A.W.) akawaapia kuwa miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud.

Limebaki la Ramadhani, kwani wengi wameliuliza. Mazoezi yasiachwe mwezi mzima, lakini yapunguzwe. Mepesi yafanywe karibu na magharibi, ili maji yasiwe mbali. Mazito yawe baada ya tarawehe. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu kufuturu hata daku, si kwa pamoja wakati wa adhana ya alfajiri. Na mizani iwekwe kando mpaka wiki ya pili ya Shawwal, kwani kilo zinazopungua katika mfungo nyingi hurudi, na anayejipima usiku wa Idi atadanganyika.