Nembo Inaanzia Kwenye Mizani Yenu

Wajukuu zangu mnaoingia sasa kwenye bodi za vyama vya msingi hapa Kagera, nisikilizeni kabla hamjakabidhiwa muhuri.

Mnunuzi wa Uholanzi akiona nembo ya Fairtrade kwenye pakiti ya kahawa, anaamini mkulima amepata haki yake. Agosti 2023 bei ya chini ya robusta iliyokaushwa na maganda yake iliwekwa kuwa dola 1.20 kwa ratili, na juu yake senti 20 za malipo ya ziada. Lakini bei hiyo hulipwa chama, kahawa ikiwa tayari kupakiwa melini. Kabla haijamfikia bibi mwenye mibuni kati ya migomba, hukatwa ukoboaji, usafiri, madeni ya msimu na hata ada ya ukaguzi, maana anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Jambo hilo halinipendezi. Mkaguzi mwenyewe haishi hapa. Huja, hufungua mafaili, huondoka. Mizani hubaki nanyi.

Butura mnaijua. Ada za shule zikidaiwa, mtu huuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Kanuni za Fairtrade zinamtaka mnunuzi, chama kikiomba, atangulize hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Basi ombeni! Fedha hiyo ikifika mapema na kukopeshwa kwa uwazi, itamwokoa mkulima kuliko darasa lililopakwa rangi kwa malipo ya ziada ili wageni walione.

Msiwasahau vibarua. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, chuo cha London, waliripoti kwamba katika maeneo waliyochunguza Ethiopia na Uganda, vibarua wa maeneo yenye vyama vya Fairtrade mara nyingi walilipwa chini ya wenzao wa kwingine. Wenye nembo walilalamikia ulinganisho huo. Mimi nasema, nendeni shambani mkaulize anayechuma analipwa shilingi ngapi kwa debe, na kama debe lenyewe limejazwa mpaka kilele.

Malipo ya ziada ni mali ya wanachama, na mkutano mkuu ndio unaoamua yatumike vipi. Kwa hiyo bandikeni ukutani pale ghalani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: kilo zilizouzwa kwa nembo, kilo zilizouzwa soko la kawaida, fedha iliyoingia, kila kilichokatwa. Mwenyekiti akikataa, simameni mkutanoni mwombe karatasi hiyo isomwe mbele ya wote, na msikae mpaka imesomwa.