Wingi Si Ushahidi

Mtu akilalamika kwamba chakula kinamkwama kifuani na mwili unakonda, daktari wa Afrika Mashariki huwaza kwanza saratani ya kawaida ya umio, ambayo kwetu ni nyingi. Kuwaza hivyo si kosa. Kosa huanza pale wingi wa ugonjwa unapogeuzwa ushahidi juu ya mtu huyu mmoja. Takwimu huzungumzia umati, na aliyelala kitandani si umati. Kwa mfano, uvimbe wa seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, unaweza kuota kwenye umio, ingawa ni nadra mno; nje ya mifupa huota zaidi puani na kooni. Kwa macho matupu hautambuliki. Ni kinyama kilichokatwa na kuchunguzwa maabara ndicho kinachoonyesha alama ya seli hizo, CD138, na kwamba seli zote ni za ukoo mmoja, kwa kuwa hutoa aina moja tu ya mnyororo mwepesi, kapa au lamda. Kisha uboho, damu, mkojo na picha za mifupa huthibitisha kwamba si mieloma, yaani saratani ya seli hizohizo iliyoenea mwilini.

Itasemwa kwamba vipimo hivi ni ghali, na fedha hizo zingewafaa wengi. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Lakini jina la ugonjwa ndilo linaloamua kati ya kisu na mionzi: uvimbe huu ukiwa peke yake, mara nyingi hudhibitiwa kwa mionzi ya grei 40 hadi 50. Aliyepewa jina lisilo lake anaweza kukatwa umio bure, tena akakosa ufuatiliaji wa miaka mingi anaouhitaji, maana baadhi ya wagonjwa hawa huja kupata mieloma baadaye.