Hema moja porini: ni khalwa au ni kukimbia?

 

Ndugu msomaji, kuna hamu imeingia katika vifua vya vijana wetu wa mijini ambayo wazee wetu hawakuijua, au kama waliijua hawakuipa jina. Ni hamu ya kubeba hema na mkoba, kwenda mahali pasipo na watu, na kulala huko peke yake. Mzee aliyekulia kijijini ukimwambia kwamba mtu mwenye nyumba na kitanda amekwenda kulala chini porini kwa hiari yake, tena akanunua hema kwa fedha nyingi, atakuuliza kama ana deni anakimbia.

Tusifanye haraka kucheka. Mtu anayeishi Dar es Salaam leo anaamshwa na honi, anasimama kwenye foleni, anabanwa kwenye daladala, anarudi usiku redio ya jirani inaunguruma, na hata akizima taa simu bado inamwita. Lini anakaa na nafsi yake? Swala yenyewe wengi wetu tunaiswali kama mtu anayekimbilia gari. Mtu wa namna hii akitamani kimya, hatamani uovu. Anatamani kitu ambacho moyo umeumbiwa kukihitaji.

Katika hadithi ya mwanzo wa wahyi aliyoipokea Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) anaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alipendezeshwa kukaa peke yake. Zingatia neno hilo, alipendezeshwa. Mapenzi hayo yalitiwa moyoni mwake na Mola wake. Akawa anapanda Jabal Nur nje ya Makka, anaingia katika pango la Hira, na kufanya ibada usiku baada ya usiku. Pango lenyewe ni dogo, si mahali pa starehe. Nabii Musa (a.s.) naye aliwekewa miadi ya siku arobaini mlimani (7:142). Bibi Maryam alijitenga na watu wake upande wa mashariki (19:16). Vijana wa Kahf walikimbilia pangoni (18:10). Kwa hiyo anayesema kujitenga ni jambo la Wazungu hajaisoma Qur'an vizuri. (Neno khalwa hapa nalitumia kwa maana ya mtu kujitenga na Mola wake, si ile khalwa ya mwanamume na mwanamke ajinabia, ambayo hukumu yake inajulikana.)

Lakini hamu ikiwa njema haina maana kwamba kila njia ya kuitimiza ni njema. Vijana wengi wenye hamu hii wanamjua Christopher McCandless, Mmarekani ambaye habari zake ziliandikwa kitabu mwaka 1996 na kufanyiwa filamu mwaka 2007. Alimaliza Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1990, akatoa akiba yake, kama dola 24,000, kwa shirika la misaada, akakata mawasiliano na wazazi wake na kuzurura Marekani kwa miaka miwili. Aprili 1992 akaingia peke yake katika pori la Alaska, akiwa na bunduki ndogo na mchele wa kilo chache. Alikaa katika basi bovu lililoachwa porini. Mwezi wa Julai alipotaka kurudi kwa watu akaukuta mto aliouvuka kirahisi umefurika. Hakuwa na ramani nzuri. Umbali mfupi tu kutoka pale kulikuwa na kitoroli cha kuning'inia kwenye waya ambacho kingemvusha, lakini hakujua. Akarudi kwenye basi, na wawindaji waliikuta maiti yake mwezi wa Septemba. Alikuwa na umri wa miaka 24. Watafiti bado wanabishana kama kuna mbegu alizokula zilizomdhuru, lakini kwamba alidhoofika kwa njaa hakuna anayekataa.

Jambo lililonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba kabla ya kufa aliandika pembezoni mwa kitabu alichokuwa akikisoma maneno yenye maana kuwa furaha ya kweli inahitaji mtu wa kushirikiana naye. Alikwenda mwisho wa dunia kulijua hilo, na alipolijua mto ulikuwa umejaa. Baada yake watu wakawa wanakwenda kulizuru basi lile kama kaburi la walii. Wanawake wawili walikufa wakivuka mto katika safari hizo, mmoja mwaka 2010 na mwingine mwaka 2019. Mwezi Juni 2020 serikali ya Alaska ikalinyanyua basi kwa helikopta na kuliondoa porini. Hivi ndivyo mtu asiye na Mtume wa kumfuata anavyoweza kumgeuza mhanga kuwa kiongozi.

Sasa rudi Hira uone tofauti. Hadithi ile ile ya Bibi Aisha inasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukua masurufu ya siku hizo, yakiisha anarudi kwa Bibi Khadija (r.a.) kuchukua mengine. Mke anajua mume wake alipo, na chakula kimetoka nyumbani kwake. Na siku lilipotokea lile zito kuliko yote, alikimbilia wapi? Alishuka mlima akitetemeka, akaenda moja kwa moja kwa mkewe, akaomba afunikwe. Hakusema ngoja nikae peke yangu nitafakari. Kisha ikaja amri ya kuinuka na kuonya watu. Wanazuoni kama Ibn Taymiyya wametanabahisha kwamba baada ya utume hakuifanya Hira kuwa desturi yake tena. Kazi ilikuwa chini, mjini, kwa wale wale waliokuwa wakimuudhi.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja katika darsa yetu ya Jumamosi. Anauza duka la mtu Kariakoo, anaishi Buguruni, watu saba vyumba viwili. Aliuliza mbele ya wenzake kama akienda milima ya Usambara akalala kwenye hema siku tatu peke yake atapata thawabu au dhambi. Mwenzake mmoja akadakia, "Ustadh, mwambie aoe tu." Wakacheka wote. Baada ya darsa akanifuata, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu baba yake afariki, mama na wadogo zake wanne wanamtazama yeye, na kwamba kuna usiku anafika mlangoni anasimama nje nusu saa kabla ya kuingia. "Ustadh, mimi sitaki kutalii. Nataka nisiitwe jina langu siku tatu."

Nilimjibu swali kwa swali. Je, siku ya nne utarudi? Akanyamaza. Akasema, "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hukumu ya jambo hili. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) habari ya sahaba mmoja aliyepita katika bonde lenye chemchemi ndogo ya maji matamu. Mahali pale pakampendeza. Akatamani ajitenge na watu akae pale, lakini akasema hatafanya mpaka amuulize Mtume (s.a.w.). Alipouliza akakatazwa, akaelezwa kuwa kusimama kwake katika njia ya Allah ni bora kuliko kuswali nyumbani kwake miaka sabini. Sahaba huyu hakuwa mvivu wala mkimbizi. Alipapenda mahali pazuri kama vijana wetu wanavyopapenda. Alichokatazwa ni kuhamia.

Kupumzika hakukukatazwa. Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha aliulizwa kuhusu kutoka kwenda nyikani, akajibu kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka kwenda kwenye mikondo ya maji nje ya mji, na safari moja alimpatia yeye Aisha ngamia jike asiyezoea kupandwa, akamuusia amtendee kwa upole. Hadithi hii hatuisikii sana mimbarini, sijui kwa nini. Mtume wa Allah, pamoja na mzigo wote wa umma, alitoka mjini akaenda kwenye maji na majani. Na hakumwacha mke jikoni.

Nasema hili kwa sababu wanaume tunapozungumzia khalwa tunasahau swali moja. Nani anabaki na watoto? Mama wa nyumbani Manzese au Mwembe Tanga hajakaa peke yake hata saa moja tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Akienda msalani anagongewa mlango. Mume anayedai siku tatu za kutafakari maumbile ya Allah, aanze kwa kumpa mkewe asubuhi moja. Asipoweza kulitoa hilo, basi anachokitafuta porini ni likizo ya wajibu aliopewa na Mola wake, na asikiite ibada.

Ni kweli zimekuja hadithi za kusifu kujitenga. Bukhari amepokea kuwa utafika wakati mali bora ya Muislamu itakuwa kondoo anaowafuata vileleni mwa milima, akikimbia na dini yake kutokana na fitna. Lakini huyo anakimbia na dini, hakuikimbia. Na katika hadithi nyingine Mtume (s.a.w.) alimtaja muumini anayeishi katika bonde miongoni mwa mabonde, anamcha Mola wake na kuwaepusha watu na shari yake. Tazama adabu iliyomo humo. Sisi tukijitenga tunasema watu wabaya, wamenichosha. Huyu anawaepusha watu na shari ya nafsi yake mwenyewe.

Imam Ghazali aliiacha Baghdad mwaka 1095 akiwa mwalimu mkubwa kuliko wote mjini. Damascus akawa anajifungia katika mnara wa msikiti mchana kutwa. Ameeleza mwenyewe kwamba wito wa watoto wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao, na mwaka 1106 akarejea kufundisha Nishapur. Katika Ihya ameandika kitabu kizima juu ya adabu za kujitenga, akataja faida zake, kisha akageuka akataja faida za kuchanganyika ambazo anayejitenga anazikosa: kufundisha na kufundishwa, kunufaisha watu, kuvumilia maudhi yao. Aliyeonja vyote viwili hakuchagua kimoja akakitupa kingine.

Na yupo Juraij, mcha Mungu wa Bani Israil ambaye kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Alijijengea mahali pake pa ibada, mama yake akaja kumwita, yeye akaendelea na swala. Mama akamuapiza, na apizo likampata. Nikimfikiria mama yule wa Buguruni, mjane, anapiga simu ya mwanawe mara ya kumi na haipatikani, namkumbuka mama wa Juraij.

Kuna na suala la kuwa peke yako hasa. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba watu lau wangeyajua ya upweke aliyoyajua Mtume (s.a.w.), hakuna mpandaji ambaye angesafiri usiku peke yake. Wanazuoni wengi wamelichukulia kuwa ni karaha na uongozi wa kumlinda mtu, si haramu, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kumtuma Zubair peke yake kwa haja. McCandless angekuwa na mwenzake mmoja tu, pengine mmoja angetembea kando ya mto akakiona kile kitoroli.

Na simu? Mtu anasema yuko peke yake na Mola wake, kumbe ameweka simu juu ya jiwe anapiga picha ya hema, ya moto, ya yeye mwenyewe akitafakari, na usiku anahesabu waliomsifu. Mtume (s.a.w.) alipokusudia itikafu akayaona mahema ya wakeze yamesimamishwa msikitini, moja baada ya jingine, alihoji kama kweli wema ndio uliokusudiwa, akaliondoa hata lake, akafanya itikafu yake katika Shawwal. Hiyo ni hema ndani ya msikiti wa Mtume, na bado nia iliulizwa.

Kijana wetu nilimwambia aende. Amwambie mama yake anakwenda wapi na anarudi lini, awaachie fedha ya matumizi, asitoke Ijumaa baada ya alfajiri kwa kuwa sisi wafuasi wa Imam Shafi tunalizuia hilo kwa anayeikosa Ijumaa, na atafute mwenzake walau wa hema la pili mbali kidogo. Nilimwambia pia kuwa Usambara ina watu wengi, na asishangae akiamka akakuta watoto wa Kishambaa wamelizunguka hema. Misitu ya hifadhi ina vibali vyake, avifuate. Ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza swala na kukusanya. Akifika pale anapolala asome ile dua aliyoipokea Khaula bint Hakim katika Sahihi Muslim, ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia.

Akaniuliza kama mtu aliye peke yake msituni aadhini, na nani atamsikia. Swali hili Abu Said al-Khudri (r.a.) alilijibu zamani, alipomwambia mtu mmoja aliyependa kondoo na nyika kwamba akiadhini huko apaze sauti yake, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa hakuna jini, mtu wala kitu chochote kitakachoifikia sauti ya muadhini isipokuwa kitamshuhudia Siku ya Kiyama.